Jinsi ya kubuni na kutengeneza analogi za peptidi za pete kutoka baharini: mwongozo kamili, mfano wetu ni sansalvamidi A

Ukitaja Wasini watu wengi wanawaza pomboo na kaa wa kuvunja mezani, ila kwa sisi watu wa kemia kile kisiwa kina habari nyingine. Mwaka 2003 ilitoka taarifa ya homodolastatini 16, peptidi ya pete (mnyororo wa asidi amino uliofungwa duara) iliyopatikana kwenye Lyngbya majuscula ya huko huko Wasini, pwani ya kusini ya Kenya. Lyngbya ni ile sianobakteria inayoota kama manyoya meusi meusi kwenye mawe na nyasi za bahari, ngalawa zinapita juu yake kila siku na hakuna anayeitazama mara mbili, kumbe ndani yake kuna molekuli ambayo ilipowekwa kwenye seli za saratani maabara ilionyesha dalili.

Shida ni kwamba kiumbe wa baharini anatoa kidogo mno. Unakamua mzigo mzima unatoka na miligramu chache, zinaisha kwenye NMR (mashine ya kusoma muundo wa molekuli kwa sumaku) na vipimo viwili vitatu vya seli basi. Ndo maana tunatengeneza wenyewe maabara, na ukishaweza kuitengeneza unaweza pia kuibadilisha. Molekuli hiyo iliyobadilishwa ndo tunaiita analogi, mifupa ileile ila kuna sehemu umeigusa makusudi.

Neno makusudi naomba ulishike, maana wanafunzi wengi wanakwama hapo. Analogi ni swali. Kabla hujapima hata gramu moja ya rezini (punje ambazo mnyororo unajengwa juu yake) fungua daftari uandike hilo swali kwa mstari mmoja, mfano "je huu mnyororo wa pembeni wa valini unahitajika?", na ukiona huwezi kuliandika basi hiyo molekuli usiitengeneze, utapoteza wiki mbili na kiyeyushi cha bei.

Badiliko lenyewe linaweza kuwa dogo kuliko unavyodhani. Didemnini B, iliyotangazwa 1981 na kundi la Rinehart kutoka kwenye tunikata (mnyama laini wa baharini anayeganda kwenye mawe) wa Karibiani, ilikuwa ya kwanza kutoka baharini kufika kwenye majaribio ya saratani kwa wagonjwa Marekani, ikaachwa kwa sababu sumu yake kwa wagonjwa ilizidi. Ndugu yake plitidepsini, iliyopatikana kwa tunikata wa Mediterania, ina pungufu ya haidrojeni mbili tu, pale mwisho wa mkia kundi la laktili limekuwa piruvili, yaani OH moja imegeuka kuwa C=O. Hiyo ndo ikafika mpaka kuruhusiwa Australia Desemba 2018 kwa ajili ya mailoma, saratani ya uboho. Haidrojeni mbili kwenye molekuli yenye uzito wa zaidi ya 1,100.

Hatua ya kwanza: chagua mama

Usianze na didemnini, ina asidi amino za ajabu ambazo kila moja ni kazi ya miezi. Mi nashauri sansalvamidi A. Ilitangazwa 1999 na kundi la Fenical la Scripps kule California, inatoka kwa fangasi wa jenasi Fusarium aliyekuwa anaishi kwenye nyasi za bahari Halodule wrightii huko Bahamas (nyasi za jamii ya Halodule hata kwetu zipo, ukitembea maji yakikupwa unazikanyaga). Uzuri wake ni pete ya vipande vitano tu: fenilalanini moja, leusini mbili, valini moja, na kipande cha tano ni leusini ambayo badala ya NH ina oksijeni, kwa hiyo hapo pete imefungwa na esta na sio amidi. Vyote vinne ni asidi amino za kawaida unazoagiza zikiwa tayari na Fmoc, kofia inayoziba NH2 mpaka uiondoe.

Hiyo esta ndo swali la kwanza kabisa. Mwilini kuna vimeng'enya vya kukata esta, na ikikatwa pete inafunguka. Watu wakaibadilisha kuwa amidi, leusini ya kawaida tu ikakaa pale, na hiyo sansalvamidi ya amidi ikaonekana kuwa kali kwa seli kuliko mama yake na pia rahisi kutengeneza. Baadaye kundi la McAlpine lilitengeneza analogi nyingi sana juu ya mfupa huo na kuonyesha kwamba baadhi yake zinashika Hsp90, ile protini inayowakunja wenzake wakae sawa. Kwa hiyo amidi ndo itakuwa mama wa mfululizo wetu, na kila kitu kitalinganishwa na yeye.

Ila angalia kitu kimoja ambacho watu wanakiruka. Ukibadili esta kuwa amidi umeongeza NH moja, na kila NH iliyo wazi inapenda maji, na inayopenda maji haipendi kupita kwenye utando wa seli. Liandike pembeni tutarudi.

Hatua ya pili: panga maswali yako

Pete ina nafasi tano. Kila nafasi ukiipa hali nne, ya L, ya D, ya L yenye N-methili na ya D yenye N-methili (maana yake inakuja hapa chini), unapata 4 mara 4 mara 4 mara 4 mara 4, jumla 1,024. Hakuna mtu anatengeneza zote. Unapita nafasi moja moja, ukigusa moja nyingine nne zinabaki kama zilivyo.

Mzunguko wa kwanza ni wa alanini. Unatoa mnyororo wa pembeni unaweka methili ndogo tu. Nguvu ikianguka, ule mnyororo ulikuwa unashika kitu. Isipoanguka umepata nafasi huru, na nafasi huru ni mali, hapo baadaye unaweza kuning'iniza kitu cha kuongeza kuyeyuka au cha kuangazia kwenye hadubini.

Wa pili ni wa kugeuza mkono. Asidi amino ya L na ya D ni kama kandambili ya kulia na ya kushoto, vitu vilevile ila mguu hauingii. Ukiweka D moja kwenye pete ya L tupu, pete nzima inajikunja upya, kona inahamia pale. Hapa huulizi tena habari ya mnyororo mmoja, unauliza umbo. Kwenye familia hii ya sansalvamidi D moja na N-methili moja zimetoa baadhi ya analogi kali kuliko zote, kwa hiyo usiuone mzunguko huu kama nyongeza.

Wa tatu ni wa N-methili. Unaficha NH kwa kuivika CH3. Inaondoa mkono mmoja wa kushika maji, inazuia vimeng'enya visikate hapo, na inaruhusu kifungo cha amidi kigeuke upande ambao kawaida hakikai. Mfano mkubwa sio wa baharini ila kila mtu anaujua, siklosporini A: ina vipande 11 na 7 kati yake vina N-methili, na inamezwa kwa mdomo ikafanya kazi, peptidi ngapi zinaweza hivo?

Jumla ni analogi 15 na mama yao mmoja, 16. Kwa mtu mmoja mwenye rezini na HPLC (mashine ya kutenganisha mchanganyiko) inayofanya kazi hiyo ni kazi inayowezekana.

Ukiwa na sampuli ya mama ya kutosha, kabla ya mzunguko wa N-methili chukua NMR yake ndani ya kiyeyushi cha DMSO kwa nyuzi joto tofauti, tuseme 25 mpaka 45. NH ambazo haziyumbi sana, chini ya kama ppb 3 (sehemu kwa bilioni) kwa kila nyuzi, zimejificha ndani zimeshikana na C=O ya upande wa pili. Hizo ukizivika methili unavunja nguzo ya nyumba. Zinazoyumba ziko nje, anza na hizo.

Hatua ya tatu: amua utakata wapi

Pete unaijenga kwanza kama mnyororo halafu unaifunga, na kuna sehemu tano unaweza kuchagua kuwa ncha. Chora duara kwenye karatasi, andika vipande, halafu pitia kila kifungo ujiulize kama ungekuwa wewe unafunga pale kuna nafasi ya mkono kuingia? Ncha ya mwisho, ile yenye COOH, isiwe valini, tawi lake liko karibu sana na linachelewesha. Ncha ya mbele isiwe yenye N-methili. Kama analogi yako ina D au N-methili iweke katikati ya mnyororo, ndo itaukunja ncha mbili zikaribiane. Ukiwa na glisini au prolini itumie kama mwisho, hizo hazigeuki mkono wakati wa kufunga. Hapa hatuna, kwa hiyo tunamalizia na leusini na tutakuja kuhakiki.

Pete ya vipande vitano vya L vyote ni ngumu kufunga, nakwambia mapema usije ukadhani ni mkono wako mbaya.

Hatua ya nne: jenga mnyororo

Tumia rezini ya 2-klorotritili. Inakupa mnyororo wenye COOH huru bila asidi kali, na mwili wake mkubwa unasaidia vipande viwili vya mwanzo visijikunje na kuondoka kama kipete kidogo cha watu wawili, shida inayokuja hasa ukiwa na prolini au N-methili pale. Inachukia unyevu, kwa hiyo kiyeyushi chako, DCM, kiwe kikavu na glasi zitoke kwenye oveni. Pakia kidogo, kama milimoli 0.5 kwa gramu au chini, halafu ziba nafasi zilizobaki na methanoli. Usiamini namba ya kwenye chupa, pima mzigo mwenyewe kwa kukata Fmoc na kusoma mwanga kwenye nm 301.

Kutoka hapo ni mzunguko: piperidini 20% ndani ya kiyeyushi cha DMF kuondoa Fmoc, osha, asidi amino inayofuata mara tatu ya mzigo pamoja na kiunganishi (HATU au HBTU) na besi ya DIPEA, osha, jaribu ninhidrini, rangi ya kutafuta NH2. Punje zikiwa bluu bado kuna NH2 huru, rudia. Zikiwa njano endelea. Baada ya N-methili ninhidrini haitakupa bluu hata kama kazi imegoma kabisa, hapo tumia kloranili, na kuunganisha kipande juu ya N-methili fanya mara mbili bila kujiuliza.

Kitu cha huku kwetu sasa. DMF ikikaa kwenye joto inavunjika taratibu na kutoa dimethilamini, na dimethilamini inaondoa Fmoc kabla ya wakati wake, unajikuta leusini imeingia mara mbili. Nimewahi kuletewa chupa iliyokaa bandarini juani wiki kadhaa, na mnyororo wangu ukatoka na kilele cha ziada kilichozidi kwa 113, leusini moja nzima, na nilihangaika na mashine siku nne kabla sijafungua ile chupa na kusikia harufu ya samaki. Sasa hivi kila chupa mpya naifungua naivuta kidogo kwa mbali ndani ya hudi (kabati la kunyonya hewa), ikinuka samaki haigusi peptidi.

Ukimaliza kata mnyororo kutoka kwenye rezini kwa asidi ya TFA 1% ndani ya DCM, au kama una vikinga vya pembeni vya kulinda tumia HFIP, ambayo ni mpole zaidi. Mnyororo wa fenilalanini moja, leusini tatu na valini moja ukiwa huru unatakiwa kuonyesha 604.4 kwenye mashine ya uzito, hiyo ni pamoja na protoni yake.

Hatua ya tano: funga pete

Ncha ya mnyororo inaweza kushika ncha yake yenyewe au ya jirani. Ukitaka ishike yake, ondoa majirani, yaani maji mengi samaki wachache. Lenga milimola 1 au chini. Hesabu yake: miligramu 60 za mnyororo huu ni kama milimoli 0.1, kwa hiyo unahitaji mililita 100 za kiyeyushi. Kwenye karatasi ni rahisi ila ukishika chupa ya mililita 100 kwa miligramu 60 inauma, na ndo hapo watu wanabana wanatumia 20, wanapata pete mbili zilizoungana.

Njia ya kuokoa kiyeyushi ni pampu ya sirinji. Weka kiunganishi na DIPEA kwenye chupa, mnyororo kwenye sirinji, udondoshe polepole kwa masaa kadhaa, kila tone linakuta uwanja mtupu linajifunga kabla lingine halijafika. Kama huna pampu dondosha kwa mkono mara kwa mara, inachosha ila inafanya kazi.

Viunganishi: HATU ni mwepesi, DEPBT ni mpole kwenye kugeuza mkono, PyBOP haina ile tabia ya HATU ya kuruka kwenye NH2 na kuiziba. Ukiona kilele kilichozidi mnyororo kwa 98, kwetu hapa 702.5, HATU imeziba ncha yako na huo mnyororo hautafungika tena, punguza kiasi au badilisha kiunganishi. Na vaa glavu, hivi viunganishi vinajulikana kwa kuleta mzio mbaya, ukishaupata haukuachi. Ukifika kwenye kupima unga wa pete zenyewe, hapo ni ndani ya hudi tu, kumbuka unatengeneza kitu kinachoua seli na seli zako ni seli pia.

Hatua ya sita: hakikisha ni yenyewe

Pete iliyofungwa vizuri inapoteza maji, 604.4 inakuwa 586.4, na ikibeba sodiamu 608.4. Ukiona 586.4 usiruke kwa furaha bado. Pete mbili zilizoungana zina uzito mara mbili, na zikibeba protoni mbili zinasomeka 586.4 vilevile! Namba ni ileile kabisa. Kuza kilele uangalie vijilele vya isotopu: vikipishana kwa 1 ni pete moja, vikipishana kwa 0.5 ni mbili. Angalia pia kama kuna 1171.8. Najua mtu aliyebeba dimeri (hizo pete mbili zilizoungana) kama analogi yake bora kwa muhula mzima, ikaenda mpaka kwenye seli, kwa sababu hakuna aliyekuza kile kilele.

Safisha kwa HPLC ya C18. Pete hizi zinapenda mafuta, zinatoka mwishoni baada ya mnyororo, na kutoka baadaye kuliko mnyororo ni dalili nzuri. Kisha NMR. Kwenye zenye N-methili unaweza kuona seti mbili za vilele, kabla hujasema ni uchafu pasha sampuli moto, zikiungana ni molekuli moja inayokaa kwa maumbo mawili.

Halafu kugeuka mkono. Chukua miligramu kidogo, chemsha kwenye HCl ya mola 6 nyuzi 110 usiku mzima, tibu na kitendanishi cha Marfey, kinachofanya L na D zitengane kwenye HPLC, linganisha na leusini ya L na ya D. Ukikuta D ambayo hukuiweka, ncha yako ya mwisho iligeuka wakati wa kufunga, na analogi uliyonayo inajibu swali ambalo hukuliuliza.

Hatua ya saba: peleka kwenye seli

Yeyusha stoki ya milimola 10 kwenye DMSO. Kwenye seli DMSO isizidi 0.5%, na kisima cha kulinganisha kiwe na DMSO kiasi kilekile. HCT-116 ya saratani ya utumbo mpana ni chaguo la kawaida, masaa 72, halafu MTT (rangi ambayo seli hai zinaigeuza zambarau) usome zambarau kwenye nm 570. Visima vya pembeni ya sahani jaza maji tu, vinakauka vinadanganya.

Kila sahani iwe na mama, mnyororo ambao haujafungwa, na dawa inayojulikana kama doksorubisini. Mnyororo ndo unakwambia kama pete ina maana yoyote. Na lazima, lazima kabisa, weka seli zisizo za saratani, fibroblasti kwa mfano. Molekuli inayoua kila kitu kwa nguvu sawa sio mwanzo wa dawa, na namba inayotakiwa kukupa raha ni tofauti kati ya hizo seli mbili kuliko ukali wenyewe. Kumbuka MTT inapima kama seli inapumua na kufanya kazi, haipimi kifo, kwa hiyo analogi nzuri ihakiki kwa njia ya pili. Na tazama visima kwa hadubini kabla hujaweka rangi, ukiona sindano sindano za fuwele dawa haikuyeyuka na dozi uliyoandika sio dozi iliyofika.

Sambamba na hapo weka kila analogi kwenye seramu nyuzi 37, chukua sampuli kila baada ya muda upitishe HPLC, uone nani anabaki.

Hatua ya nane: raundi ya pili

Chukua jedwali la 15. Tafuta mbili zilizompita mama kwenye tofauti ya seli, ziwe za nafasi tofauti, uziunganishe kwenye pete moja. Usitegemee zitajumlishana, D moja inaweza kuhamisha kona ambayo N-methili ilikuwa inaitegemea, ndo maana hii ya 17 inapimwa sahani moja na wazazi wake wote wawili.

Na sasa ile NH tuliyoiongeza pale esta ilipokuwa. Angalia kwenye jedwali analogi yenye N-methili pale pale. Hiyo ni amidi isiyokatwa na vimeng'enya vya esta na pia haina NH ya ziada, yaani imerudi kwenye idadi ya NH ya sansalvamidi yenyewe ya baharini. Kama imeshika nguvu ya mama na imedumu kwenye seramu, huo ndo mfupa wa raundi ya pili, jenga kwenye huo.